Wimbo uliomlaza Tshala Muana kizuizini

NYANGWE – Jumatatu tarehe 16 Novemba 2020, maofisa wa ANR, idara ya ujasusi ya taifa, walimchukua mama mmoja wa miaka 62 mjini Kinshasa. Hakuwa na silaha wala kundi la wapiganaji porini. Alikuwa mwimbaji. Jina lake Elisabeth Tshala Muana Muidikay, na nchi nzima ilimjua kwa jina la Tshala Muana, malkia wa mutuashi. Kosa lake halikutangazwa wazi, lakini kila mtu alilijua: siku chache kabla alikuwa ametoa wimbo mpya wenye kichwa cha Kifaransa, «Ingratitude», yaani utovu wa shukrani.

Kesho yake, Jumanne, aliachiliwa. Kwa hiyo ukihesabu saa, habari yenyewe ni ndogo. Watu wamekaa buloko miezi na miaka katika nchi hii bila jina lao kuandikwa popote. Lakini usiku ule mmoja ulisema mambo mengi, na kwa watu wa kusini mwa Maniema, wa Kasongo, Kabambare na vijiji vya kandokando ya Lualaba, ulisema jambo ambalo halikusikika hivyo Mbuji-Mayi wala Matadi.

Wimbo wenyewe ulizungumza juu ya mtu aliyefundishwa, aliyeinuliwa na kushikwa mkono na bwana wake, kisha akamgeuka aliyemfadhili. Hakuna jina lililotajwa ndani. Watu wa Tshala walipoulizwa walisimama hapo hapo: wimbo unazungumzia tabia ya wanadamu, haumtaji mtu. Kweli haumtaji. Lakini kila aliyefungua klipu ile kwenye simu wiki ile alikuwa amekwisha kuweka majina mawili kichwani kabla gitaa halijaanza. Bwana ni Joseph Kabila. Mwanafunzi ni Félix Tshisekedi.

Kuelewa kwa nini, lazima kurudi nyuma miaka miwili. Tarehe 8 Agosti 2018, siku ya mwisho ya kuandikisha wagombea, Kabila aliyekuwa ametawala tangu 2001 alimtaja mtu atakayebeba bendera ya kambi yake ya FCC. Hakuwa mtu wa Katanga wala wa Kinshasa. Alikuwa Emmanuel Ramazani Shadary, mzaliwa wa Kasongo wa mwaka 1960, aliyewahi kuwa gavana wa Maniema, kisha waziri wa mambo ya ndani. Jimbo ambalo wakubwa wa Kinshasa hulikumbuka kwa dhahabu yake na kwa barabara zake mbovu lilikuwa sasa na mtoto wake mlangoni pa ikulu. Na undugu haukuishia kwake. Mama Sifa Mahanya, mama mzazi wa Joseph Kabila, huhesabiwa kuwa wa Wabangubangu, watu wa Kabambare na sehemu za Kasongo. Kwa hiyo kwa wengi huku, Kabila alikuwa mjomba au mpwa kwa namna fulani, na Shadary mtoto wa nyumbani kabisa.

Uchaguzi ulifanyika tarehe 30 Disemba 2018. Matokeo ya tume yakampa Félix Tshisekedi asilimia 38.57, Martin Fayulu asilimia 34.83, na Shadary 23.84. Mtoto wa Kasongo akawa wa tatu. Fayulu akasema ameibiwa. Maaskofu wa Kanisa Katoliki, waliokuwa wametuma waangalizi karibu 40,000, wakasema hesabu zao hazifanani na zile za tume. Tarehe 24 Januari 2019 Kabila akamkabidhi Tshisekedi madaraka kwa mkono wake, naye Shadary akabaki katibu wa kudumu wa chama cha PPRD. Katika bunge FCC ilikuwa na viti vingi mno, na serikali ikaundwa kwa ushirikiano wa FCC na CACH, waziri mkuu akiwa Sylvestre Ilunga Ilunkamba, mtu wa Kabila. Redio trotwari, ile redio isiyo na mnara, ikasema palikuwa na mapatano ya siri.

Ushirikiano huo ulidumu chini ya miaka miwili. Oktoba 2020 Raisi aliwaapisha majaji wapya wa Korti ya Katiba huku wakubwa wa FCC wakisusia sherehe. Siku mbili baadaye akatangaza mashauriano ya kitaifa, na yakaanza tarehe 2 Novemba. Kila mjumbe na kila seneta akaanza kupimwa: yuko upande gani? Ni katikati ya wiki hizo ndipo Tshala Muana, mwanachama wa PPRD na mbunge wa zamani wa kipindi cha mpito, mama aliyeimba sifa za Kabila waziwazi kwa miaka, alipotoa wimbo juu ya utovu wa shukrani.

Neno hilo lina ncha mbili, na huenda ndiyo maana lilichoma sana. Mtu hawezi kukosa shukrani kwa kitu ambacho hakupewa. Aliyechota maji mtoni mwenyewe hadaiwi asante na yeyote. Ukimwambia Raisi wa nchi kwamba ni mtovu wa shukrani, unamwambia kwamba kiti alipewa. Ulinzi wa Félix mbele ya ulimwengu ulikuwa sanduku la kura. Wimbo wa Tshala, bila kutaja jina, ulitoa sanduku hilo katikati ya hadithi na kuweka mahali pake mkono wa mtu mmoja unaotoa zawadi. Ndiyo sababu wapinzani wa Kabila hawakuuchukia wimbo ule kama walivyotegemewa kuuchukia. Watu wa Fayulu walikuwa wakisema maneno hayohayo tangu Januari 2019, na sasa waliyasikia yakiimbwa na mtu wa nyumba ya Kabila.

Kwa mtu wa Kasongo, ncha ya tatu ilikuwepo. Kama kweli kiti kilitolewa zawadi, basi kilitolewa huku mtoto wa nyumbani akiwa amesimama mlangoni akingoja. Nani basi amekosa shukrani, na kwa nani? Wafuasi wa Kabila huku Maniema wangeweza kuupigia wimbo makofi mchana kwa sababu unamsema Félix, na usiku wakalala macho kwa sababu unauliza habari za Shadary. Wimbo wenyewe haukumwaza Shadary hata kidogo, kwa kadiri mtu anavyoweza kusikia. Lakini wimbo wa fumbo ukishatoka haurudi kwa mtungaji kuomba ruhusa ya maana.

Maafisa waliomchukua walikuwa na sheria za kutosha mkononi kama wangetaka kuzitumia. Ipo ya tarehe 16 Disemba 1963, ya zamani kuliko Mobutu kwenye kiti, inayoadhibu matusi dhidi ya mkuu wa nchi. Ipo pia tume ya kuchuja nyimbo na maonyesho, ambayo msanii anatakiwa kuipelekea kazi yake kabla ya kuitoa. Lakini Tshala hakufikishwa mbele ya jaji. Kumpeleka kortini kungemlazimu mwendesha mashtaka kusimama na kusema: mtovu wa shukrani anayeimbwa hapa ni Raisi wa Jamhuri. Nani angetaka kuwa wa kwanza kutamka hilo mbele ya karani anayeandika?

Nchi hii ilikwisha kuona kesi ya wimbo iliyofika hadi hukumu, na ni vizuri kuikumbuka, maana vijana wengi wanaoijua «Mario» kwa moyo hawajui kwamba mwimbaji wake alilala gerezani.

Mwaka 1978 Franco Luambo Makiadi alikuwa na miaka 40, na orkestra yake, OK Jazz, iliyoanzishwa Juni 1956, ilikuwa imekuwa TPOK Jazz na kushika nchi nzima. Mwaka huo alitoa nyimbo mbili, «Hélène» na «Jacky». Hazikupitia tume ya kuchuja wala hazikutoka kwenye disiki kama kawaida. Zilitoka kwenye kaseti, na kaseti ndiyo ilikuwa silaha mpya ya zama zile: unanunua moja, jirani ananakili, rafiki wa jirani ananakili, na wiki ya tatu iko sokoni mji mwingine bila kiwanda chochote kuhusika. Maneno ya nyimbo hizo yalikuwa machafu, bila mafumbo ya maana. Mambo ya kitandani, na ya chini ya kitandani, yalitajwa kwa majina yake. Hata wapenzi wake wakubwa hawakuweza kuzipiga mbele ya mama mkwe.

Mwanasheria mkuu wa serikali alikuwa Kengo wa Dondo. Alimwita Franco. Franco akasema haoni ubaya. Hapo ndipo linapokuja jambo ambalo wazee wa muziki wa Kinshasa hulisimulia mpaka leo: inasemekana Kengo alimwita mama yake Franco, akaweka kaseti, akamwomba asikilize kazi ya mwanawe. Mama Makiese alikuwa mama wa soko. Alimlea Franco Ngiri-Ngiri kwa kuuza mikate na maandazi, na Franco mtoto alipiga gitaa lake la kujitengenezea kando ya meza ya mama ili wateja wasogee. Mama huyo alisikiliza, na aibu ikamshika. Baada ya hapo mjadala kuhusu kama nyimbo ni safi au chafu ulikuwa umekwisha. Ikiwa kisa hiki kilienda hivyohivyo au kimepakwa mafuta njiani, ni kisa kizuri cha kisheria: shahidi pekee ambaye mshtakiwa hakuweza kumbishia.

Franco na baadhi ya wanamuziki wake wakapewa miezi sita. Ghafla orkestra kubwa kuliko zote za Zaire ilikuwa ndani ya gereza. Mashabiki wakaingia barabarani. Baada ya miezi miwili hivi wakatolewa. Na miaka miwili tu baadaye, mwaka 1980, serikali ileile ilimpa Franco cheo cha Grand Maître wa muziki wa Zaire. Mobutu alijua kwamba mtu kama yule ukimfunga sana anakuwa mkubwa kuliko gereza, na ukimpa nishani anaimba kampeni. Hakika mwaka 1984 Franco aliimba «Candidat na biso Mobutu».

Huku kwetu Lingala haikuwa lugha ya nyumbani. Kusini mwa Maniema ni nchi ya Kiswahili tangu siku za misafara, na Lingala ilikuja na askari na disiki. Wengi walicheza nyimbo za Franco maisha yao yote bila kujua nusu ya maneno. Pengine ilikuwa bahati kwa «Hélène» na «Jacky» kwamba zilipofika mbali namna hii zilikuwa gitaa tu. Na pengine ndiyo maana «Ingratitude» ilikuwa na nguvu hata kwa asiyejua lugha ya Kinshasa. Kichwa chake kiko kwa Kifaransa cha shule ya msingi, na kichwa peke yake kinatosha.

Wimbo wa 1978 na ule wa 2020 haufanani kwa jambo moja kubwa. Franco alifungwa kwa alichokisema wazi. Tshala alichukuliwa kwa asichokisema. Katika hilo yeye yuko karibu zaidi na Franco wa zamani kidogo, wa mwaka 1966. Juni 2 mwaka ule Mobutu aliwanyonga hadharani wanasiasa wanne, Évariste Kimba, Jérôme Anany, Emmanuel Bamba na Alexandre Mahamba, mbele ya umati mkubwa wa watu. Baadaye Franco akatoa «Luvumbu Ndoki», wimbo wa mapokeo ya Kikongo juu ya mchawi anayewatoa ndugu zake. Serikali haikuhitaji mfasiri. Disiki zikakusanywa, na Franco akavuka mto kwenda Brazzaville kungoja hasira ipoe.

Kwa Lingala namna hiyo ya kuimba inaitwa mbwakela: unarusha jiwe kwenye kichaka, na mwenye kuumia ndiye anayepiga kelele. Kwa Kiswahili ni fumbo, na hapa Nyangwe lazima ikumbukwe kwamba Kiswahili chetu na mafumbo yake vilisafiri pamoja kutoka pwani. Kijiji hiki cha ukingo wa mashariki wa Lualaba, kaskazini-magharibi mwa Kasongo, kilikuwa soko la wafanyabiashara wa Zanzibar kabla ya Wazungu kukifahamu. Livingstone alikikuta kikijaa akina mama wenye samaki na chumvi mwaka 1871, na tarehe 15 Julai mwaka huo aliona watu wa misafara wakiwafyatulia risasi akina mama hao sokoni na mtoni. Kiswahili kilikuja na biashara hiyo, pamoja na damu yake, na hakikuondoka hata baada ya askari wa Dhanis kuiteka Nyangwe mwezi Machi 1893 na Kasongo mwezi Aprili.

Huko Zanzibar kwenyewe mabwana wa fumbo walikuwa wanawake. Siti binti Saad, mtoto wa watumwa wa zamani, aliyerekodi disiki Bombay kuanzia 1928, aliimba «Kijiti» juu ya mtu aliyemuua mwanamke mjamzito na kukimbilia bara, huku waliofungwa wakiwa ni mashahidi. Jaji hakutukanwa katika wimbo ule, lakini kila mtu Unguja alijua ni haki ya nani iliyokuwa imelala. Siti aliimba uvundo wa korti, Tshala aliimba uvundo wa ikulu. Kati ya disiki ya Bombay na klipu ya Kinshasa kuna miaka karibu 90.

Tshala Muana mwenyewe hakuanza na siasa. Alizaliwa Lubumbashi mwaka 1958, wakati mji ukiitwa Élisabethville, akaanza kama mcheza dansi katika kundi la M'Pongo Love mwaka 1977, akaenda Afrika Magharibi, kisha Paris. Alichoipa dunia ni mutuashi, mdundo na mchezo wa kiuno wa Kasai, alioutoa kijijini na kuuweka chini ya taa za jukwaa. Kwa miaka mingi uchokozi uliozungumzwa juu yake ulikuwa wa kiuno. Wachungaji walimsema, na maharusi ya Kongo nzima yakamcheza. Katika sherehe za Kasongo «Karibu Yangu» ilieleweka bila msaada. Ukimtazama hivyo, inachekesha kidogo kwamba mwanamke aliyetikisa kiuno mbele ya serikali zote, tangu Mobutu hadi Kabila wawili, alikuja kukamatwa mara hii kwa wimbo ambao mtu angeweza kuupiga kanisani.

Alipoachiliwa Novemba 17, klipu ilikuwa imesambaa kuliko ambavyo ingesambaa bila ANR. Kaseti ya 1978 sasa ni simu. Wakati wa Franco nakala ilichukua dakika 30 za kungoja mkanda uzunguke. Mwaka 2020, mahali ambapo mtandao unafika, ilikuwa kugusa kioo mara moja, na mahali ambapo haufiki, kadi ya memori ikapita mkono kwa mkono sokoni kama pilipili.

Siasa yenyewe ilienda mbio. Tarehe 6 Disemba 2020, siku 20 baada ya Tshala kuchukuliwa, Tshisekedi alitangaza mwisho wa ushirikiano na FCC. Tarehe 10 Disemba Jeanine Mabunda aliondolewa kwenye kiti cha spika wa bunge. Wajumbe waliochaguliwa kwa jina la Kabila wakavuka kwenda Union sacrée kwa makundi, wa Maniema wakiwemo. Wimbo juu ya mtu mmoja asiye na shukrani ukaanza kuwafaa watu mamia. Kama ungetoka mwezi mmoja baadaye, pengine ANR isingejua waanze kumkamata nani kwa kujitambua ndani yake.

Mwaka uliofuata mambo yakarudi kwa sura nyingine. Novemba 2021 tume ya kuchuja ilipiga marufuku «Nini tosali te» ya vijana wa MPR na «Lettre à Ya Tshitshi» ya Bob Elvis, ikisema hazikuletwa kwake kabla ya kutoka. MPR ni Musique Populaire de la Révolution, jina lililochukua herufi za chama cha Mobutu kwa mzaha ambao kila mzee anaupata. Wimbo wao unauliza ni nini raia hawajafanya hata waendelee kuteseka chini ya kila utawala. Barua ya Bob Elvis ilienda kwa marehemu Étienne Tshisekedi, ikimweleza jinsi mwanawe anavyotawala. Kelele zikawa kubwa, na muda mfupi tu marufuku ya wimbo wa MPR ikaondolewa. Tarehe 14 Disemba mwaka uleule, UNESCO ikaandika rumba ya Kongo katika urithi wa ubinadamu, na wakubwa walewale wakapiga picha za furaha.

Tshala Muana alifariki Kinshasa tarehe 10 Disemba 2022, miaka miwili kamili tangu siku Mabunda alipoondolewa. Rambirambi zilitoka pande zote mbili, ya Kabila na ya Félix. Redio zikapiga mutuashi wiki nzima. «Ingratitude» haikusikika sana humo.